Ufa wa Makusudi

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sisi tumejenga ukuta
na tukautoboa wenyewe, matundu mia na ishirini,
kila tundu na mche wake:
mrehani, mnanaa, tembele la kuning'inia,
na shubiri moja mama aliyoipachika kwa siri,
ya kuzuia jicho.

Nyuma ya nyumba yetu, Sebleni,
ukuta huo zamani ulikuwa daftari.
Kila masika mama huchukua kipande cha mkaa
akapiga mstari maji yalipoishia:
huu wa mwaka aliozaliwa Vuai,
huu wa godoro la harusi ya Mize,
huu wa juu, wa kifuani, hasemi ni wa nini
na sisi hatuulizi.

Vuai ndiye aliyeleta mabomba,
tangi, na kijisanduku chenye taa ya buluu.
"Kinapata habari za mvua kabla haijafika," akasema.
"Kikijua iko njiani, hufungua bilula,
changarawe ikanywa, mizizi ikanywa,
tangi likabaki tupu, linangoja."
Mama akamtazama kama mtu
aliyemwaga maziwa ili apate kuosha kikombe.
"Maji ya bomba huja Jumatatu na Alhamisi,
saa tisa za usiku, yakipenda.
Na wewe unanifundisha kumwaga?"

Usiku mmoja wa Aprili, nyota tele,
hata wingu la kufutia uso hakuna,
bilula ikafunguka peke yake.
Shwaa.
Mama akatoka na khanga ya kulalia,
ndoo mbili, sufuria la pilau, beseni la kufulia,
akikinga huku akilaani:
"Ukuta umerukwa na akili, na aliyeujenga!"
Ndoo zikajaa. Tangi likaisha.
Akakaa kizingitini, miguu imerowa,
akingoja kuche agombe.

Kabla ya adhana ya alfajiri, ikapiga.
Si ya kunong'ona; ile ya mabati,
mtu na mkewe hawasikizani kitanda kimoja.
Paa likamimina, tangi likameza, likameza,
majani yakainama, yakainuka,
nasi tumesimama ukumbini, suruali tumekunja,
tunautazama mlango.

Nisiseme uongo. Maji yaliingia.
Ya paani yalibaki ukutani,
ya barabarani yakaja yenyewe,
kutoka mtaro uliokabwa na mifuko na makopo.
Lakini yaliishia kwenye kifundo cha mguu,
na godoro likabaki godoro.

Bi Raya, nyumba ya bondeni kwetu,
alikuwa bado anachota kwa sahani
alipochungulia uani.
"Hilo tembele lako, laota kwa kipande?"
Mama akakata kipande. Akakata na cha pili.
Akavitazama mkononi, vidogo hivyo,
kisha akaita, "Vuai! Njoo na futi yako,
ukapime ukuta wa watu."

Sasa jua limetoka.
Mama ameshika mkaa,
anafunua majani kutafuta pa kupiga mstari,
chini, chini zaidi, amechuchumaa.
Ile ya zamani imo humo ndani bado.
Mizizi inaipapasa.