Goti Hadi Kisigino

Kwao, alisema, jua hualikwa ndani:
dirisha pana upande wa kusini, kama mtu aliyepanua mikono.
Baba akaucheka mchoro hadi penseli ikamdondoka sikioni.
"Hapa Wete jua ni mdai.
Ukimfungulia mlango, anahamia."

Wakamwita Bwana Futi,
maana Halvard lilikwama kwenye meno ya watu.
Alipima kila kitu: kivuli cha mkarafuu saa nane mchana,
hatua za mja mzito toka barabarani hadi kitandani.
Mia na kumi na mbili. Nyingi, akasema; akafuta, akachora upya.
Pua ilimbabuka. Homa ilimlaza mara tatu.
Na mimi, mtoto wa fundi Shaame, niliyekuwa nikiteka maji
ya kuzimia chokaa,
nilimwona kainama shimoni, anaisikiliza inavyochemka
kama anayepokea salamu za nyumbani.

Wodi ya wazazi ilikuwa karibu kwisha
baba alipoweka mwiko chini.
"Mchoro wako una kila kitu. Hauna pa kukaa."
Bwana Futi akaonyesha viti kumi na sita kwenye karatasi.
"Hivyo vya kungojea. Mimi nasema kukaa."

Siku mbili hawakusemezana.
Ya tatu alikuja na kamba,
akampima baba goti hadi kisigino,
akafika kwenye makalio, akaona haya.
Likajengwa baraza, urefu wa ukuta mzima,
lipu yake laini kama shavu.

Hapo ndipo mume wangu alipokesha
usiku niliomzaa Bikombo,
na watu asiowajua wakamletea kahawa.

Barua ilikuja baada ya miaka, na picha ndani:
nyumba ya mbao, weupe juu, weupe chini,
na mbele ya mlango kitu kirefu kimevimba chini ya theluji.
"Nimelijenga kwa mama, kwa kipimo cha Shaame.
Miezi mitano halionekani.
Majirani wanauliza ni la nini."

Baba aliipangusa picha kwa kidole
kana kwamba theluji ingetoka.
"Maskini. Atakaa na nani?"

Mimi ndiye niliyeigeuza.
Nyuma, kwa penseli, karibu kufutika:
Juni wamekaa wawili.