Unene wa Sarafu

Daktari aliandika hatari zote upande wa baba:
sukari, miaka kumi na tisa;
vidonge vya pumu vinavyolaza kinga ya mwili;
uzito umeshuka, mbavu unazihesabu kwa macho;
na kinywani, kwenye kijiti cha pamba,
bakteria sugu, mpangaji asiyelipa kodi,
na mrija ungepita mlangoni pake
ukishuka koo kwenda tumboni.
Nikagonga muhuri. Nilikubali yote.
Hayakuwa yangu.

Otaru ilikuwa theluji hadi madirishani.
Baba, Kumagai Yasuhei, fundi wa mikeka ya tatami,
hakuweza tena kumeza hata uji wa mchele.
Kiharusi kilimnyang'anya koo
kikamwachia vidole,
navyo vilishinda vikisuka shuka ya hospitali.

Siku ya kwanza tundu lilikuwa safi.
Siku ya pili, safi.
Dawa ya kuzuia vijidudu aliipata kwa wakati, kabla ya kisu,
muuguzi Hatsue aliniapia.
Siku ya tano, wekundu.
Ya sita usaha, rangi ya supu ya miso iliyolala,
na harufu niliyoijua kabla ya kukubali kuijua.

Hatsue aliinama. Karatasi ya daktari hakuigusa.
Aligusa kisahani cha plastiki
kinachoushika mrija juu ya ngozi.
"Nani amekaza hiki?"

Mimi.
Usiku ule baba alipokuwa akiupapasa mrija
niliogopa utachomoka, nikakaza.
Asubuhi nikakaza tena, kidogo tu.
Mtoto wa fundi mimi,
nimelelewa na sauti moja karakanani:
uzi uliolegea ni aibu ya nyumba.
Goti juu ya nyasi, vuta, kaza, piga fundo.
Nikamkaza baba kama mkeka.

"Ngozi iliyobanwa hukosa damu," alisema,
si kwa kunilaumu,
"na damu isipofika, vijidudu hujenga."
Akatoa mfukoni sarafu ya yeni tano,
ile yenye tundu katikati,
akaishika hewani juu ya tumbo, bila kuligusa.
"Walau unene wa hii. Mrija uweze kuzunguka."

Kaza moyo, Chizuru. Kaza mwendo. Kaza kamba.
Hayo nimeyasikia tangu nikiwa mgongoni.
Kupenda kwa kulegeza
hakuna aliyenifundisha.

Leo ni siku ya kumi na nne.
Upande mmoja umekauka; mwingine bado unalia.
Sukari ni ileile, pumu ni ileile,
siwezi kumvua baba miaka yake.
Naosha mikono hadi vifundo vinauma,
napima kwa jicho ile nafasi ndogo.

Baba ananitazama.
Kidole chake kinapanda polepole hadi kwenye kisahani,
kinakijaribu, kama alivyojaribu kila mshono
kabla mkeka haujatoka dukani.
Midomo inahangaika kuunda neno,
na neno lenyewe nalisoma:
Umelegea.

Ndiyo, baba.
Uache.