Kadi ya Ndahani

Mbuzi hanunuliwi akiwa ndani ya gunia,
kwa hiyo nikamwambia Ndahani: iwashe kwanza.

Nkuhungu, saa kumi jioni, umeme upo kwa bahati.
Banda lake la gemu limebaki viti vinne na kamba ya taa,
na juu ya meza kadi ya michoro, feni mbili:
moja inazunguka, moja inatetemeka
kama mtu anayetaka kusema jambo kisha anaghairi.
"Laki nne," akasema. "Dukani ni milioni na ushee."
"Ilifanya kazi gani?"
"Kazi? Binti yangu tu, Sechelela. Masomo ya shule."

Jumatatu laki nne. Jumatano laki tatu na ishirini, na soda.
Ijumaa akauliza, wewe unaitakia nini mashine kubwa hivi?
Nachora nyumba, nikamwambia.
Watu wana viwanja Iyumbu, wana viwanja Ihumwa,
hati wanazo, tofali hawana,
wanataka waione kabla hawajaijenga.
Akanyamaza. Akafuta vumbi mezani kwa kiganja;
lilirudi kabla hajaondoa mkono.
"Nina kiwanja Nala. Nichoree na yangu.
Laki mbili na sabini, na picha."

Nyumbani ilifika nyuzi tisini na moja, nikaizima kwa hofu.
Nikaifungua. Skrubu saba kwenye kifuniko cha chupa.
Katikati ya mapezi ya alumini, Dodoma nzima:
vumbi jekundu la Julai hii, chini yake la kijivu, la Julai zipi sijui,
unyuzi wa rasta kutoka saluni ya mkewe,
na mafuta.
Mafuta ya chipsi, yameganda, ya njano, yananuka yai.
Masomo ya shule!
Nikacheka peke yangu hadi mama akagonga ukuta.

Pesti ya joto ilikuwa imekauka kama ukoko wa uji.
Nikaifuta kwa spiriti na pamba, polepole,
kama unavyomsafisha mtoto sikio akiwa amelala.
Tone jipya, dogo, punje ya mtama; ukizidisha umeharibu.
Feni mgonjwa nikaitoa, na mwenzake mzima nikaitoa,
mahali pao nikafunga mbili kubwa
za kompyuta ya ofisi niliyoipata mnadani, maiti, elfu nane,
kwa vifungo vya plastiki vya kubania nyaya.
Mbele yake kipande cha chandarua kuukuu,
maana upepo wa huku hauna adabu,
hodi unapiga ukishaingia.

Sitini na tisa.
Sitini na saba.
Ikatulia hapo, ikikoroma kama paka aliyeshiba.

Saa nane usiku nyumba ya Ndahani ikaanza kutokea kiooni,
kipande kwa kipande, kutoka juu kuja chini:
bati la bluu (alisisitiza bluu),
dirisha la Sechelela na meza ya kusomea, safari hii ya kweli,
saluni inayotazama barabara,
kivuli cha ukuta ambao bado ni mifuko sita ya saruji
chini ya turubai.
Chumba changu kikaanza kunukia chipsi mayai.

Jiko hakuniomba.
Nimeliweka mwenyewe, nyuma kabisa, lina dohani ndefu,
mbali na kila kitu chenye feni.