Chukua Uzi

Alhamisi, saa mbili na nusu, habari zimekwisha.
Nimemwekea kahawa upande wa mkono ulio mzima,
tende tatu kwenye kisahani, na sikusema kitu.
Nimeishi na mwanamume huyu ghorofa ya nne, Michenzani,
najua lini neno ni dawa, lini ni chumvi.

Miaka thelathini na moja, saa kama hii,
yeye alikuwa ndani ya kisanduku, mie nje,
watoto wakigombania nani akae karibu na baba.
Fundi Mtumwa aligonga kengele ya shaba
(ya skuli, iliazimwa, haikurudi)
naye akanyanyua kidole kimoja: "Kitendawili!"
Studio ikajibu, na sie tukajibu,
na jengo la pili likajibu, na la tatu,
dirisha kwa dirisha, miko mikononi: "Tega!"

Aliyeshinda alichukua feni, au cherehani,
mwaka mmoja wa neema, friji.
Aliyeshindwa alitoa mji.
Yeye akiiandika. Daftari liko chini ya godoro:
Mkokotoni mara arubaini na mbili. Konde. Micheweni.
Tanga. Maskati. Mtoto mmoja wa Jang'ombe
alimpa Peking, na hiyo ameipigia mstari.
Mfalme wa miji yote hii
hajapanda ndege maishani mwake,
na boti ya Pemba humtapisha.

Basi wakampa barua, na saa ya ukutani, na mkono.
Koti la kijani wakaomba lirudi.
Nililitoa kabatini mwenyewe, nikashona kifungo
alichokuwa akikificha kwa kiganja tangu mwaka juzi,
nikanusa kola. Nikalikunja.

Huyo akaingia. Salhina, wa Wete,
umri wa mjukuu wetu wa pili,
ushungi rangi ya papai,
na koti lile lile, limebanwa kiunoni, mikono imefupishwa.
"Wamelikata," nikasema.
"Limemkaa," akasema yeye. Kahawa hajaigusa.

Kengele. Msichana hakunyanyua kidole.
Alingoja. Alingoja mpaka nikadhani amesahau,
mpaka kibaridi kikanipita kwa ajili yake, mtoto wa watu.
Kisha polepole, kwa kile Kipemba chake kisichoona haya:
"Kitendawili."

Na mume wangu, ambaye neno lile lilikuwa lake,
aliyelisema ana homa, aliyelisema
wiki tuliyomzika Bakari, kidole juu, sauti imenyooka,
mume wangu akafungua mdomo
na nikamsikia, mara ya kwanza tangu tujuane:
"Tega."
Neno dogo. Kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Mgeni wangu haingii kwa hodi, hatoki kwa kwaheri,
na akitoka, nyumba nzima hutaja jina lake."

Akafikiri. Akifikiri hugusa sikio.
"Mauti," akasema.
Sikumtazama. Nilizitazama tende.

Kule studio kijana mmoja wa skuli, miwani imemzidi uso,
hata hakungoja: "Umeme!"
Kengele, makofi, na jirani wa chini akacheka hadi sakafu yetu ikasikia,
maana Tukuza ilimuishia jana, tui likiwa motoni.
Mume wangu akacheka pia. Alianza taratibu,
akamaliza anafuta macho kwa ncha ya msuli.
"Kanipata, mtoto huyu. Kanipata."

"Basi toa mji," nikamwambia. "Sheria ni yako."

Akanyamaza. Nilidhani atatoa Peking.
Akauelekea uso wa yule msichana
asiyemuona, aliyekwisha kushika karatasi ya cha pili,
akasema kwa adabu, kama anayemuaga mgeni mlangoni:
"Chukua Uzi."
Kisiwa kizima, alikozaliwa, mikoko yake yote,
na njia ya mawe inayozama maji yakijaa.

"Ng'ambwa uibakishe," nikasema. "Kule ni kwetu."
Akanywa kahawa. Ilikuwa imeshapoa.