Pipa Jepesi

Mwaka huu mti wetu ni tawi.
Dhoruba ya Novemba ililivunja nyuma ya kanisa,
nikaliburuta kilima kizima hadi mtaa wetu wa Bethesda,
Macsen ameshika ncha kama mtu abebaye mgonjwa,
Non nyuma yetu akiokota kila kijiti kilichodondoka:
"Mama, umesahau hiki. Na hiki. Na hiki pia."

Tumelining'iniza darini kwa kamba ya kuanikia nguo.
Halitulii; mlango ukifunguliwa, linageuka kutazama nani kaingia.
Lina nyota za maganda ya machungwa yaliyokaushwa juu ya jiko,
vifungo vya koti la marehemu mama mkwe,
na kijiko kilichopinda, ambacho Non anakiita malaika.
Taa hatukununua. Dirisha lipo, na mtaa una taa zake.

Barua ya machimbo ilikuja Septemba, mistari minne.
Gwilym aliisoma amesimama,
akaigeuza, akaona upande wa pili ni mweupe,
akaiweka juu ya kabati: "Karatasi nzuri hii."
Jana Non amechora kondoo hapo, ana miguu saba.
Sasa kondoo huyo amefunika sabuni ya shangazi Eluned.

Sitadanganya. Kule Bangor nilisimama dirishani pa duka
mbele ya nyumba ya wanasesere yenye ngazi na kengele,
nikahesabu: kodi, mafuta ya kupashia nyumba, viatu vya Macsen.
Nikahesabu tena, nikianzia viatu.
Jibu lilikuwa lile lile, na mvua ilikuwa ile ile.

Usiku Macsen aliniuliza, kichwa chini ya blanketi:
"Baba Krismasi naye ameachishwa kazi?"
Nikatafuta jibu kama atafutaye sarafu
katika mfuko uliotoboka.
"Hapana. Ila mwaka huu hanunui, anatengeneza."
Kimya. Kisha: "Gundi anayo?"
"Anayo."
"Basi sawa," akageukia ukuta, akalala.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Niliutazama mkono wa Gwilym juu ya mto saa nane za usiku:
rangi ya buluu ndani ya kucha,
grisi kwenye kidole gumba, jeraha dogo la spana.
Kwenye banda, baiskeli ya zamani ya mtoto wa jirani
ilikuwa ikikauka, na haikuwa tena ya mtoto wa jirani.

Asubuhi yenyewe, hapakuwa na mchakacho wa karatasi za dhahabu.
Zawadi zilikuwa ndani ya taulo, skafu, foronya,
na kufikia adhuhuri foronya zilisharudi kwenye mito yake.
Macsen alizunguka uwanja mara arobaini, hakushuka hata kula.
Sweta langu jekundu nililifumua; sasa ni sweta la Non,
na soksi mbili, na kofia ya kufunikia yai.

Lakini zawadi ya Non ndiyo iliyotumaliza.
Alifunga mwiko wa uji kwa kitambaa, akampa baba yake.
"Mwiko!" akapiga kelele Gwilym.
Non akaunyakua, akaufunga upya, akampa Macsen.
Mwiko! Akaufunga, akanipa mimi, kisha shangazi Eluned,
kisha paka, ambaye hakusema kitu.
Ulipozunguka ukanifikia mara ya tatu
nilishangaa kweli, naapa,
kwa sababu alikuwa ananitazama
kama ambaye hajui kilichomo.

Kuku alikuwa mmoja: siku ya kwanza choma,
ya pili supu ya liki na viazi,
ya tatu harufu tu, na mkate wa kuchovya.

Tarehe ishirini na nane lori la taka lilipanda kilima.
Kila mlango una vilima vya maboksi na plastiki.
Kijana wa lori alilikamata pipa letu kwa mikono miwili,
akajikaza kulinyanyua kama mengine,
likaruka, nusura limwangushe chali barabarani.
Akachungulia ndani.
Akatazama nyumba yetu, na mimi dirishani.

Nikampungia mwiko.