Kaunta Namba Tatu

Jumatatu, foleni imefika hadi kwa mlinzi,
Bibi Aikaruwa wa Kibosho akafungua kopo la majani ya chai,
akanitelezeshea chini ya kioo
karatasi ya kahawia, nyepesi kama ganda la kitunguu.
"Nibadilishie. Ilikuwa ya babu."

Rupia tano. Mwaka wa kumi na tano.
Benki ya watu binafsi, makao yao Berlini,
iliyopewa ruhusa ya kutuchapia sisi thamani.
Vita vilipoziba bahari
wakachapa huku huku, kwa karatasi yoyote iliyopatikana,
makarani wakatia sahihi kwa mkono, moja moja.
Hii wino umevuja kwenye herufi ya mwisho:
huyo alikuwa amechoka, au kaitwa kula.

Ndekirwa aliipata kwa kubeba masanduku ya risasi
Moshi hadi Taveta.
Machi iliyofuata Waingereza wakaingia mjini.
Duka la karibu na stesheni likaipokea kwa nusu bei,
kisha robo,
kisha kicheko.
Alikuwa anataka jembe. Akapanda mlima na karatasi.

Hakuitupa. Alisema mwenye deni hafi,
husafiri tu.
Kopo likarithiwa pamoja na kihamba, mfereji
na ugomvi wa mpaka.

"Bibi, benki hii haipo."
"Haipo wapi?"

Kwao mtu akikukosea hukuletea jani la sale.
Halina namba, halina alama ya maji,
na sijasikia aliyeliinua kwenye mwanga
akauliza kama ni halali.
Unalipokea, hata kama moyo bado unachemka.

Nilitaka kumwambia kilichosalia ni neno:
vile visarafu vyao vidogo viliitwa hela.
Benki ikafa, shaba ikayeyushwa,
neno likabaki mdomoni bila dhamana ya mtu,
mwanangu hunidai kwalo kila asubuhi.

Sikusema. Foleni ilikuwa inakohoa.

Akaikunja rupia yake polepole, akafunika kopo,
akafungua pindo la kitenge, akatoa elfu kumi.
"Basi hii mwekee mjukuu."
Nikaipitisha chini ya taa ya zambarau.
Akanitazama nikitazama.
"Na hiyo," akauliza, "itakaa hadi lini?"

Nikagonga muhuri.
Wino ulivuja kidogo.