Gonga, Anaeli

Saa kumi na nusu alfajiri, Nkoaranga, Julai.
Ukungu umeketi juu ya boneti kama ndio mwenye gari,
na mikungu ya mishare, ishirini na miwili,
imelala nyuma chini ya turubai.
Tengeru hawamsubiri mtu Jumamosi.

Nazungusha ufunguo.
Tik.
Nazungusha tena.
Tik, kisha mguno wa mzee aliyeamshwa
kudaiwa deni asilolikumbuka.

Miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kushika tochi.
Wewe umeinama ndani ya boneti, unanikaripia:
"Mulika hapa, mama Eliapenda, si usoni pangu!"
Leo tochi nimeibana kwa meno,
nawe uko kitandani, nyuma ya dirisha la mbao,
upande wa kulia umelala, mdomo umegoma,
mkono wa kushoto peke yake ndio uliobaki fundi.

Ngo.
Pigo moja ukutani: betri.
Vichwa vyake vimeota unga mweupe wenye ukijani,
kama magadi. Navimwagia maji ya birika
niliyokuchemshia chai. Utasubiri.
Nakwangua kwa kisu cha ndizi, nakaza.

Ngo, ngo.
Hita. Taa ya njano iwake, izimike yenyewe,
usiikimbilie. Uliyasema hayo kila kipupwe
nami nikadhani ni ubishi wako tu.
Unanihesabia kwa fimbo, polepole,
hadi kumi na tano.
Nazungusha. Inakohoa. Moshi mweupe. Kimya.

Ngo, ngo, ngo.
Sijui tatu ni nini.
Nasimama, vidole vimekufa ganzi,
nakulaani kidogo, Mungu anisamehe.
Kisha mkono unakumbuka kabla yangu:
mwanga wa tochi kwenye kichujio cha dizeli,
kidole gumba chako kikibonyeza kile kipampu
mpaka kiwe kigumu kama chuchu ya ng'ombe asiyekamuliwa.
Nabonyeza. Laini. Laini. Laini.
Kigumu.

Tena hita. Tena fimbo yako.
Kumi na tatu. Kumi na nne.

Imeshika!
Inatetemeka yote, kioo, mikungu, mimi,
na jogoo wa kwa Nanyaro anawika
kwa hasira ya kutanguliwa.

Ukutani bado unagonga,
bila hesabu sasa, ovyo ovyo,
kama mtu anayepiga makofi kwa mkono mmoja.

Nizime? Thubutu.
Naiacha ingurume uani,
naingia kukubandikia maji mengine.